Fremu ya Kwanza

Nyumba ya kona katika mtaa wetu ilikuwa na mwarobaini mbele na uzio wa michongoma. Siku ukuta wa sebule ulipobomolewa upande wa barabara na mafundi wawili wakaanza kupandisha fremu za maduka, hakuna jirani aliyelalamika. Kusema kweli tulifurahi. Duka la dawa la karibu lilikuwa mwendo wa dakika ishirini, na mpangaji wa fremu ya kwanza alikuwa muuza dawa, binti mpole aliyejua mtoto wa nani ana pumu na mzee gani anatumia dawa za presha. Fremu ya pili ikawa ya wakala wa fedha za simu. Nimetoa pesa pale mara nyingi, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka uliofuata mwarobaini ulikatwa ili magari yapate pa kuegesha. Michongoma nayo iling'olewa. Fremu zikafika nne, zikazunguka kona. Kisha mwenye nyumba, mzee mstaafu wa bandari, akafariki. Watoto wakauza, wakagawana, kila mmoja akaenda kujenga pembezoni mwa jiji. Mnunuzi hatukumjua hata kwa sura. Vyumba vya ndani vikawa stoo, uani pakaezekwa bati pakawa baa, na spika mbili zikafungwa ukutani zikitazama dirisha la chumba alichokuwa amelala mama yangu mgonjwa. Kutoka fremu ya kwanza hadi usiku wa kwanza wa spika ilipita miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetuuliza neno.

Kibao kilikuja baadaye. Kilichomekwa ndani ya kiwanja, nyuma ya kreti za soda, na aliyekiona wa kwanza ni mtoto aliyekuwa akitafuta mpira wake. Kilisema kwamba mmiliki wa kiwanja anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kuwa biashara, na mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Siku nyingi zilikuwa zimeshapita. Mtu alikuwa anaomba ruhusa ya kuanza jambo lililokuwa limetukosesha usingizi kwa mwaka mzima.

Sura hii inahusu vibao vya aina hiyo. Viko Dar es Salaam nzima kwa sasa, Mikocheni na Mbezi, Tabata na Temeke, na vingi zaidi havijachomekwa popote kwa sababu wenyewe hawaoni haja ya kuomba.

Kwanza niondoe wasiwasi mmoja. Majirani wakipinga baa au ghala mtaani, jibu la haraka ni kwamba hawataki maendeleo, au wana wivu, au wanajifanya wazungu wa kutaka mtaa usiosikika hata jogoo. Jibu hilo linakosea historia yetu. Mswahili hajawahi kutenganisha nyumba na biashara. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar zipo nyumba zilizojengwa makusudi duka likiwa chini na familia ikiwa juu, na mwenye duka hupanda ngazi kwenda kula. Nyumba ya Kiswahili ya bara, ile yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, imekuwa tangu zamani na baraza mbele kwa ajili ya mazungumzo na pia kwa ajili ya riziki. Fundi cherehani hukaa pale na mashine yake. Mama wa vitumbua huweka chungu chake pale alfajiri. Genge la nyanya na vitunguu hupigiliwa misumari kwenye ukuta huo huo. Sisi tumelelewa na biashara za barazani, na wengi wetu tumesomeshwa nazo.

Lakini tazama ni nani aliyekuwa akiuza. Mama wa vitumbua alilala chumba cha pili kushoto. Moshi wake ulimuingia yeye kwanza. Fundi cherehani akipiga redio hadi saa tano usiku, mtoto aliyeamka analia alikuwa wake. Anayepata faida ndiye aliyekaa na kero, na kwa hiyo kero haikukua kuliko uwezo wa binadamu kuivumilia. Hakuhitajika afisa wa kupima sauti. Shemeji mmoja kugonga dirisha kulitosha.

Kilichobadilika mtaani kwetu, na mitaa mingi kama wetu, ni hicho tu. Mwenye baa ya nyumba ya kona halali mtaani kwetu. Meneja wake naye halali hapa, na wateja wake wengi tunawaona mara moja hatuwaoni tena. Faida inapanda gari saa nane usiku inakwenda kulala kwingine, mahali penye kimya. Tangu nilipoliona hilo nimeacha kuuliza kama biashara ni nzuri au mbaya kwenye makazi. Nauliza anayeifanya analala wapi.

Utaratibu wa kugawa mji kwa matumizi hatukuuanzisha sisi, na hatuna sababu ya kuuremba. Chini ya Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu kwa kigezo cha aina ya majengo, na watu wakaziita kwa majina yaliyosema ukweli wote: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga kanda ya pili na ya tatu. Ng'ambo ya uwanja huo ilikuwa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Oysterbay ilipangwa kwa ajili ya Wazungu, viwanja vikubwa, miti, upepo wa bahari. Kanuni za kuzuia duka hapa na kiwanda pale zililinda usingizi wa watu wachache, na ukubwa wa kiwanja ukawa njia ya kutaja rangi ya mtu bila kuitaja.

Uhuru ulipokuja kanuni zilibaki, ila swali likawa tofauti: nani mwingine anastahili kulala vizuri? Jibu la heshima kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitolewa katikati ya miaka ya 1970. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianzisha mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipatikana hivyo. Badala ya kuwajengea watu nyumba, serikali ilichora mitaa, ikapima viwanja, ikapitisha barabara na mabomba, kisha wananchi wa kipato cha chini na cha kati wakajenga wenyewe, chumba kimoja leo, kingine mshahara ukiruhusu. Anayepita leo Sinza Mori au Makaburini, katikati ya baa, saluni na maduka ya nguo, hawezi kukisia kwamba mitaa ile ilichorwa kwa ajili ya makarani na mafundi wenye watoto.

Mwaka 2021 mwanauchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mitaa hiyo ya Tanzania. Walitumia picha za setilaiti na takwimu za majengo, wakalinganisha maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuhamia na maeneo ya karibu yaliyojijenga yenyewe. Miongo kadhaa baadaye, maeneo yaliyopimwa mapema yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, bora zaidi, na zilizopangika. Wale waliochora mistari karatasini miaka ile walikuwa wameacha urithi unaoonekana kutoka angani.

Urithi huo ndio unaoliwa sasa. Mtaa uliopimwa una barabara pana, anwani inayojulikana, umeme, bomba na hati. Vitu vilivyowekwa ili familia ya karani iishi kwa heshima ndivyo vinavyomvuta mwenye baa na mwenye ghala. Mfanyabiashara haendi kufungua gesti kwenye uchochoro usiopitisha gari. Sensa ya 1978 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wasiofika milioni moja; ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Wote hao wanataka kununua, kuuza, kula, kunywa, kushona, kutengeneza magari, na viwanja vyenye barabara ni vile vile vichache.

Sasa nizungumzie mabomba, kwa maana hapa ndipo majirani wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Katika mkutano wetu wa kwanza wa majirani tulizungumzia kelele saa nzima. Kelele ina haki yake: mwaka 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilizifunga baa na kumbi kadhaa za starehe kwa sababu hiyo, na magazeti yakaandika. Lakini spika huzimwa kwa mkono mmoja. Karo halizimwi.

Nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na mtandao wa maji taka. Kila kiwanja kina karo lake na shimo lake. Shimo la nyumba ya kona lilichimbwa na mzee wa bandari kwa ajili ya familia ya watu wanane. Uani palipogeuka baa likaanza kupokea watu mia kwa usiku wa Jumamosi, na watu wanaokunywa bia. Udongo wetu ni mchanga, maji ya ardhini yako juu, na masika yakiingia shimo lililojaa halina pa kwenda. Ndipo inapotokea ile kazi ambayo kila mkazi wa Dar anaijua jina lake: kutapisha. Mvua ikianza kupiga usiku, mtu anafungua tundu la karo, maji machafu yanaungana na ya mvua mferejini, na asubuhi watoto wanayavuka wakienda shule. Baada ya hapo hufuata kipindupindu, na jiji hili limekiona mara nyingi mno.

Bomba la maji safi lina hesabu hiyo hiyo. Wamelaza bomba la unene fulani kwa idadi fulani ya jikoni. Gesti ya vyumba kumi na mbili, kila kimoja na bafu lake, ikiweka pampu ya kuvuta na matanki mawili juu ya paa, nyumba zinazofuata hufungua bomba zikasikia upepo. Barabara vilevile: ilipimwa kwa magari mawili kupishana, lakini upande mmoja sasa ni maegesho ya wateja, upande wa pili ni bodaboda, na gari la zimamoto halipiti. Nilipima mwenyewe kwa hatua Ijumaa moja usiku. Uwazi uliobaki ulinitosha mimi na mtu mwingine mmoja.

Pamoja na hayo yote, ombi lile la kubadili matumizi lilizungumzia kiwanja kimoja tu. Nimesoma maombi ya namna hiyo, na naamini hapa ndipo utaratibu wenyewe una upofu. Kila ombi huja peke yake. Anayelipitia anaona kiwanja kimoja, ramani moja, risiti moja, na kiwanja kimoja kikigeuka hakuna kinachoporomoka. Ombi la pili nalo ni kiwanja kimoja. La kumi nalo. Mtaa mzima unabadilika bila siku hata moja ambayo mtu aliketi akaamua kwamba mtaa huu ubadilike. Na kwa kuwa mtaa haukuamuliwa, hakuna bomba jipya lililolazwa wala karo kubwa lililochimbwa.

Sheria ipo, na si mbovu. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Kamata hati yako usome. Matumizi yameandikwa humo: makazi, makazi na biashara, biashara, na kadhalika. Kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa kuangalia matumizi hayo, na kuyavunja ni kuvunja sharti la hati. Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, inasema mtu asiendeleze ardhi katika eneo la mipango bila kibali cha mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri, na kubadili matumizi kumo ndani ya katazo hilo. Ombi hutangazwa ili majirani waseme, hupita kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira, na Wizara ya Ardhi ina sauti yake. Mpango wa eneo zima ukitaka kuchorwa upya, wenye ardhi na wakazi sharti waitwe wasikilizwe. Kituo cha mafuta kina mlango mwingine wa kupita: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo haikamiliki bila kuwauliza wanaoishi karibu.

Kwa hiyo tuna mlango wa kusema, na mara nyingi hatuupiti. Tunamwachia mjumbe. Mjumbe anamwachia mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti anasema hakuna aliyemletea malalamiko kwa maandishi, na anasema kweli.

Mkutano wetu wa pili ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa, Jumapili saa kumi. Nilifika na barua niliyokwisha kuiandika, nikidhani kazi iliyobaki ni kukusanya saini. Niliisoma. Ilisema sisi wakazi tunapinga biashara ya aina yoyote katika viwanja vya makazi vya mtaa huu. Watu wakapiga makofi. Kisha bibi wa nyumba ya tatu akaomba nafasi.

“Shikamooni wakubwa wenzangu, na nyie wadogo marahaba,” alisema, na watu wakacheka kidogo kwa sababu wadogo walikuwa hawajaamkia. “Mwenyekiti, mimi nina fremu moja. Mume wangu alipofariki niliijenga kwa kiinua mgongo chake. Kodi yake inalipa dawa zangu na ada ya mjukuu. Sasa mwanangu huyu,” akaninyooshea mkono, “anataka nitie saini karatasi ya kufunga mlango wangu mwenyewe. Anionyeshe nitakula wapi.”

Nilisema, “Mama, barua hii haikulenga wewe.”

“Imeandikwa biashara ya aina yoyote. Mimi ni aina gani?”

Sikuwa na jibu. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, aliyepata kufanya kazi ya upimaji enzi zake, ndiye aliyetuokoa. Alisema bibi analala nyumba ile ile yenye fremu. Fremu ikivuja maji yanamwingia yeye. Fremu ikipiga kelele inamkosesha usingizi yeye. Nyumba ya kona haina anayelala. “Andikeni hivyo,” alisema. “Msiandike biashara. Andikeni nyumba isiyo na mtu.”

Wapo waliopinga. Kijana mmoja mwenye gereji alisema yeye halali gerejini ila anaishi mtaa wa pili, je, naye ni nyumba isiyo na mtu? Mama mwenye nyumba ya mkabala na baa alisema amechoka, dalali amemfikia mara tatu, na akipata bei nzuri atauza aondoke, na hatamuuliza mnunuzi anakwenda kufanya nini. Aliyasema bila haya, na siwezi kumlaumu. Ukishazungukwa na baa, nyumba yako hainunuliwi tena kama nyumba. Itanunuliwa kama kiwanja cha baa nyingine, na bei hiyo huwa ya juu. Ndivyo mtaa unavyokwenda: wa kwanza anauza kwa tamaa au shida, wa pili kwa uchovu, na wa tatu kwa kuogopa kubaki peke yake.

Mwisho wa barabara hiyo tunaujua, na jina lake ni Kariakoo. Mitaa ile ilikuwa ya nyumba za vyumba sita, wapangaji ukumbini, kisima uani, taarabu na siasa barazani; humo harakati za uhuru zilipata miguu yake. Kisha kiwanja kimoja kimoja kikaingia ubia: mwenye nyumba anatoa ardhi, mwenye fedha anaweka ghorofa, wanagawana sakafu. Fremu ikawa mali ya kugombewa hadi kwa kilemba, fedha anayolipa mpangaji mpya ili tu apishwe. Biashara ya Kariakoo inalisha nchi na nchi jirani, nami sina nia ya kuidharau. Lakini fremu zikishajaa barabarani huhamia ndani, ndani zikijaa hupanda juu, na juu kukijaa huchimbwa chini. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, na kazi ya kupanua sehemu yake ya chini kwa ajili ya maduka ilikuwa ikiendelea. Watu zaidi ya 20 walikufa. Waokoaji walizungumza na walionaswa kwa siku kadhaa kupitia matundu ya zege. Nililifuatilia saa kwa saa redioni, na tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema “ni fremu mbili tu” moyo hunienda mbio.

Wenzetu wa Nairobi wamepita njia hiyo hiyo kwa mwendo wa kasi zaidi. Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilikuwa nyumba moja moja kwenye viwanja vipana. Leo ni ghorofa, ofisi, mikahawa na vilabu. Kenya ina Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na Kanuni za Kelele za 2009 zinazotaka sauti ya usiku katika makazi isizidi desibeli 35, ambayo ni zaidi kidogo ya mnong'ono. Mwishoni mwa 2022 serikali ya kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi. Kelele za wakazi zilikuwa zimefika. Lakini leseni hufutwa kwa tangazo na kurudishwa kwa shauri la mahakamani. Mtaa uliokwisha kubomolewa na kujengwa upya haurudishwi na yeyote.

Sikatai kwamba mitaa lazima ibadilike. Jiji la watu milioni tano haliwezi kuishi kwa mchoro wa watu wasiofika milioni moja. Barabara ya Shekilango ilipopanuliwa, ilikuwa haki viwanja vilivyo kando yake viruhusiwe maduka na ghorofa, kwa sababu barabara inabeba. Ninachodai ni kwamba uamuzi uchukuliwe kwa mtaa mzima na mchana kweupe, bomba na karo vikitangulia fremu, na kwamba anayebaki kulala pale asikilizwe kabla ya kibao kufichwa nyuma ya kreti. Na kibali cha kurasimisha kilichofanywa kimya kimya kisiwe zawadi ya kutoomba. Aliyeanza bila ruhusa arudi kwenye hali ya hati yake kwanza, ndipo aombe kama wengine. Vinginevyo mjinga mtaani ni yule aliyefuata utaratibu.

Barua tuliiandika upya usiku ule ule, mimi, mzee mpimaji na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Neno “biashara ya aina yoyote” tulilifuta. Tukaandika kwamba hatuna pingamizi na fremu za mbele katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi. Tukaeleza karo lilichimbwa kwa watu wangapi na sasa linatumiwa na wangapi. Tukataja upana wa barabara uliobaki Ijumaa usiku, tarehe tatu ambazo maji machafu yalionekana mferejini, na majina ya watoto wa darasa la tatu wanaopita hapo tukayaacha, tukaweka idadi yao tu. Habari za wivu, maadili na ulevi hatukuziweka, ingawa wengine walizitaka sana. Mzee alisema afisa mipango miji hapimi maadili, anapima mita. Tukaambatisha nakala ya mchoro wa mipango miji wa kitalu chetu, ambao mkazi yeyote anaweza kwenda kuomba kuuona halmashauri, na ambao katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kuuona kwa miaka arobaini.

Ilipokelewa ikiwa imebaki siku moja. Nakala yenye muhuri ipo kwangu, ndani ya bahasha moja na hati ya nyumba yetu. Ina saini 23, na ya sita kutoka juu ni ya bibi wa nyumba ya tatu.